Keki ya Bi Nyusi

Siku saba kabla ya siku ya kuzaliwa ya Bi Nyusi, Fundi Mwanga aliingia jikoni na kilo mbili za unga wa ngano, akaziweka juu ya meza, akasubiri. Mke wake alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Nimeleta unga," alisema Fundi.

"Nauona."

"Wa keki."

"Basi oka."

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu. Mke wake hakucheka. Aliokota kijiwe kati ya maharage, akakiweka pembeni juu ya karatasi.

"Mke wangu, bado tu? Mwaka mzima?"

"Baba, nilisema mwakani utaoka mwenyewe. Mwakani ndio huu. Na siku yenyewe mimi nitakuwa kwa mdogo wangu. Mle, mnywe, mcheke salama."

Akaendelea na maharage yake. Fundi alibaki amesimama na mikono mitupu, akiutazama unga kana kwamba ungemtetea.

Bi Nyusi hakuwa ndugu yao wala jirani. Alikuwa mwigizaji wa sinema, wa enzi zile picha hazikuwa na rangi, na jina hilo alipewa na watazamaji kwa sababu ya nyusi yake ya kushoto. Ilikuwa ikipanda peke yake, taratibu, kama mlango wa duka unaofunguliwa asubuhi, na ikishapanda, mwanamume aliyesimama mbele yake kwenye picha hana lake tena. Jina lake halisi lilikuwa refu la kuvunja ulimi, na lugha aliyoizungumza hakuna mtu katika ukumbi wa sinema wa mtaa wao aliyeijua. Hilo halikuwazuia watu kulia alipolia. Alishakufa zamani, lakini tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa imechapwa chini ya bango moja kuukuu, na kila mwaka ilipofika, wale wachache waliowahi kufanya kazi katika ukumbi wa sinema walikusanyika kwa Fundi Mwanga saa kumi alasiri kumsherehekea.

Ukumbi wenyewe siku hizi ni ghala la magodoro. Lakini zamani Fundi ndiye aliyekuwa juu, katika chumba kidogo chenye joto, akiendesha projekta. Brashi alichora mabango ya nje. Kinyozi, kabla hajashika mashine ya kunyolea, alishika tochi na kuwaonyesha watu viti vyao gizani. Na kwenye kibanda cha chini, nyuma ya kioo chenye tundu dogo, aliketi msichana mkata tiketi ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Fundi.

Katika picha iliyopendwa kuliko zote, Bi Nyusi anamkimbia tajiri anayetaka kumwoa kwa nguvu. Anaingia katika nyumba moja kujificha na kujifanya mpishi, naye hajawahi hata kuchemsha chai. Mwenye nyumba anamwagiza keki. Basi kuna dakika chache pale ambazo hakuna muziki wala maneno, ni mikono yake tu na bakuli, na ukumbi mzima ulikuwa ukinyamaza kama watu walio katika sala. Picha ile ilikaa wiki kumi, maonyesho matatu kwa siku. Fundi aliitazama mara mia mbili na kumi, na mapishi ya keki ile akayashika yote kwa kichwa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimketisha mke wake mezani na kalamu.

"Andika. Siagi na sukari, koroga mpaka mkono uchoke. Mayai manne. Viini vinaingia kwenye mchanganyiko, ute unatengwa kwenye bakuli la kioo. Ganda la limau, lililokwanguliwa. Unga vikombe viwili. Oveni."

Mke aliacha kuandika. "Na ute?"

"Ute hautumiki."

"Hautumiki vipi? Ameutenga kwa nini?"

"Kuna paka."

"Paka?"

"Dirishani. Paka mweupe, anatazama tu. Ute ni wa paka."

Mke aliweka kalamu mezani. Alikuwa bado bibi harusi, na bibi harusi huchagua vita vyake. "Mama yangu," alisema kwa upole, "anaupiga ute mpaka uwe povu, halafu anauchanganya mwishoni. Ndio unaoinua keki."

"Mke wangu, nimeiona mara mia mbili na kumi. Bi Nyusi hakupiga kitu."

Basi akaandika: *Ute, wa paka.* Na kwa miaka thelathini na minane, kila tarehe hiyo ilipofika, ute wa mayai manne ulimiminwa kwenye kisahani na kuwekwa mlango wa nyuma. Paka wa mtaa walijua siku ile kuliko walivyoijua siku ya mwenye samaki. Na kila mwaka keki ilitoka kwenye oveni imelala, nzito, ngumu pembeni, imara kama soli ya kiatu cha askari.

La ajabu ni kwamba mwanamke huyo huyo, sinema zilipofungwa, aliajiriwa jikoni katika shule ya bweni na akapanda mpaka kuwa mpishi mkuu. Mikate yake ilikuwa laini kama mto wa kulalia. Watoto mia nne walimwita Mama Mikate. Mara kadhaa aliomba aongeze hata kijiko cha baking pauda kwenye keki ya Bi Nyusi, na kila mara Fundi alitikisa kichwa: "Hakuweka." Naye akaoka vile vile alivyoambiwa, maana ilikuwa zawadi kwa mume wake, na zawadi mtu hupewa anayoipenda.

Mwaka uliopita mambo yaliharibika. Kinyozi alikuwa anakata keki, kisu kikapita upande na kugonga sahani, kang! Watu wakatazamana. Hapo Fundi, aliyekuwa amechangamka kwa ajili ya wageni, akapaza sauti:

"Msimlaumu mwokaji, jamani. Mke wangu mkono wake una baraka ya uzito. Mpe hata puto, litazama!"

Walicheka mpaka Brashi akatokwa na machozi. Mke naye alicheka. Kisha akakusanya sahani, akaenda jikoni, akaosha chombo cha kuokea, akakifuta mpaka kikang'aa, akakitundika. Aliporudi alisema, "Mwakani utaoka mwenyewe," wakacheka tena.

Lakini tangu siku ile hakuoka kitu chochote. Mjukuu alipotimiza miaka mitano, keki ilinunuliwa dukani. Kina mama wenzake wa kikundi cha maombi walipomwomba mikate ya mkutano wao, aliwajibu, "Mimi mkono wangu mzito. Kamuulizeni mume wangu." Fundi aliyasikia hayo kwa shemeji yake, na kila alipoyakumbuka alihisi kama amemeza kijiwe cha maharage. Mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha huu aliutunga yeye.

Kuoka hakukumtisha. Kilichomtisha ni kiti. Mezani, upande wa kuume kwake, kulikuwa na kiti kimoja ambacho kwa miaka yote hiyo hakijawahi kukaliwa na mtu mwingine, na alipowaza kwamba siku ile kitakuwa kitupu, sherehe nzima ilimwishia utamu. Na kama kitakuwa kitupu siku ile, nani ajuaye kitakuwa kitupu siku ngapi, hata kikikaliwa?

Zikiwa zimebaki siku tatu, aliamua kufanya jaribio. Mke wake alikuwa amekwenda sokoni. Fundi, ambaye haanzi jambo bila kusali, alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, goti moja juu ya tone la mafuta.

"Bwana, unajua siombi makubwa. Iumuke tu. Nikiweza mimi, nitamwonyesha mke wangu kwamba ni jambo rahisi, naye atatulia."

Aliposema "amina" moyo wake haukutulia. Kuna sala ambazo mtu akishazisema anajisikia kama amepeleka barua kwa anwani isiyo sahihi. Hata hivyo alinawa mikono, akaoka. Alifanya kila kitu kama Bi Nyusi: siagi, sukari, viini, limau, unga. Ute akaumimina kwenye kisahani na kuupeleka mlango wa nyuma. Baada ya dakika arobaini alifungua oveni.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimkuta ameinama juu ya meza. Alikuwa amekuja kuazima chekecheo, na alikuwa mwanamke ambaye hata kwenye msiba hukosi kumsikia.

"Hodi! Shemeji, unalia? Aa, nimeona. Hii ni keki au ni kifuniko cha shimo?"

"Dada yako hayupo."

"Najua. Ningekuwa yeye nami ningetoroka." Aligonga keki kwa kucha, ko ko ko, akasikiliza kama daktari. "Mgonjwa amekufa. Nani aliyeoka?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako huo mwepesi?"

"Shemeji, usinitanie leo. Nimefanya kila kitu alichofanya Bi Nyusi. Kila kitu!"

"Haya. Basi kama wewe umefanya kila kitu ikatoka hivi, na dada alifanya kila kitu ikatoka hivi," alisema shemeji huku akichukua chekecheo ukutani, "mkono wa dada yangu umekosa nini?"

Akaondoka. Swali likabaki limekaa mezani karibu na keki.

Fundi aliketi. Alikuwa mtu wa mashine, na mtu wa mashine akishindwa hurudi mwanzo, afuate waya mmoja mmoja. Alifumba macho, akairudisha picha kichwani, akaianzisha. Mikono yake ikaanza kwenda yenyewe. Bi Nyusi anavuta bakuli. Bi Nyusi anakoroga. Anavunja yai la kwanza, kiini huku, ute kule. La pili. La tatu. La nne. Paka dirishani. Bi Nyusi anavuta bakuli la kioo karibu yake, anashika uma, anainua nyusi, halafu, tak! Amesimama mbele ya oveni, amefunga mlango.

Fundi akafumbua macho.

Ile *tak*. Masikio yake yaliikumbuka kabla ya akili. Ni mlio wa maungio ya filamu yanapopita ndani ya projekta, pale ambapo filamu imekatwa na kugundishwa. Mara mia mbili na tisa aliusikia mlio ule mahali pale pale, na siku zilivyopita aliona kuruka kule kwa picha kuwa ni sehemu ya picha yenyewe. Na nani aliyeikata? Nyani haoni kundule. Aliyeikata ni yeye.

Ilikuwa katika onyesho la kwanza kabisa. Filamu ilikwama, meno ya mashine yakatafuna matundu ya pembeni, na ikamlazimu kukata pima mbili nzima na kuunganisha haraka huku watu chini wakipiga miluzi. Sheria ya wenye filamu ilikuwa kila kipande kilichokatwa kirudishwe pamoja na filamu, kimeandikwa urefu na sababu. Kipande kirefu namna ile kingemfukuzisha kazi. Basi kwenye fomu aliandika "hakuna", kipande akakificha, na akasahau, kama watu wanavyosahau jambo ambalo hawapendi kulikumbuka.

Alipanda kwenye kiti, akashusha kopo lililokuwa juu ya kabati la chumbani. Ndani mlikuwa na makasi madogo, chupa ya gundi iliyokauka, balbu ya projekta, na chini kabisa, katika karatasi, mkunjo wa filamu. Ulikuwa umekauka na kunuka siki. Aliupeleka dirishani, akauinua kwenye mwanga wa mchana, akachukua miwani yake ya kusomea akaishika kama lenzi.

Alikuwapo Bi Nyusi, mdogo kama ukucha. Alikuwa amekumbatia bakuli la kioo, uma mkononi. Chini yake Bi Nyusi mwingine, na mwingine, na katika kila mmoja ule ute ulikuwa umepanda kidogo zaidi, mweupe, mpaka ukawa povu lililosimama kama kilima. Kisha mwiko, na povu lote linaingia kwenye mchanganyiko. Paka yuko kule kule dirishani, hapewi kitu.

Fundi aliketi kitandani. Jambo la kwanza lililomjia, lazima lisemwe, halikuwa zuri. Aliwaza: hakuna ajuaye. Nitapiga ute, keki itasimama, watu watasema mkono wa Fundi ni mwepesi. Wazo lile lilikaa naye kiasi cha mtu kunywa kikombe cha maji. Kisha akaukumbuka uso wa bibi harusi mwenye kalamu, akisema kwa upole, mama yangu anaupiga. Alikuwa amemwambia! Alimwambia siku ya kwanza, naye akamfanya aandike uongo kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hapo alisali tena, sala fupi, na safari hii anwani ilikuwa sahihi. "Bwana, nimemkosea. Nipe kinywa."

Mke wake aliporudi alimkuta uani, karibu na kamba ya nguo, amesimama kama mtoto aliyevunja kitu. Alimpa kile kipande na miwani. Alimweleza yote. Mke alikiinua juani, akakitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

"Povu," alisema.

"Povu."

"Na paka hakupewa."

"Hakupewa. Nisamehe, mke wangu. Ulikuwa na haki tangu mwanzo."

Alimrudishia filamu ikiwa imekunjwa vizuri. Macho yake yalikuwa yamelainika, Fundi aliliona hilo, lakini kichwa kilitikisika.

"Nimekusamehe, Baba. Mbele za Mungu nimekusamehe, sitalala na jambo hili. Ila wewe umeniomba radhi hapa uani, mimi na wewe na nguo mbichi. Kunicheka ulinicheka sebuleni."

Fundi aliitia filamu mfukoni. "Basi njoo. Siku ile, saa kumi. Robo saa tu, halafu uende kwa mdogo wako."

"Nitaona," alisema, akabeba kikapu chake ndani.

Siku ilifika. Asubuhi mke alivaa, akachukua mkoba, akaondoka kwenda kwa mdogo wake kama alivyosema. Fundi aliingia jikoni peke yake, akaoka keki ya pili, akaifunika kwa kitambaa bila kumwonyesha mtu. Saa tisa na nusu alitundika bango la zamani ukutani. Saa kumi kasoro akaja Brashi, mrefu, mwembamba, na mkebe wa biskuti iwapo mambo yangekuwa kama mwaka jana. Nyuma yake akaja Kinyozi, mfupi, mwenye upara unaong'aa kama tangazo la kazi yake.

"Mama Mikate yuko wapi?" aliuliza Kinyozi kabla hajakaa.

"Anakuja," alisema Fundi.

Saa kumi ikagonga. Saa kumi na dakika kumi. Kiti cha kuume kilikuwa kitupu, na kila mmoja alikuwa anajitahidi kukitazama kitu kingine. Brashi alilisifu bango alilolichora mwenyewe. Kinyozi aliuliza kama chini ya kitambaa kuna kitu cha kuliwa au cha kuzikwa.

Saa kumi na robo, Fundi alisimama. Aliona kwamba akisubiri zaidi ujasiri utamtoroka. Wenye kucheka walikuwapo. Kama mke hakuja, angalau neno lisemwe pale liliposemwa.

"Ndugu zangu," alianza, "mwaka jana katika chumba hiki nilisema maneno juu ya mkono wa mke wangu. Yale maneno yalikuwa ya uongo. Keki hii nimeiharibu mimi, miaka thelathini na minane, kwa sababu siku ya onyesho la kwanza..."

Mlango ukagongwa. Shemeji akaingia kwanza, akivuta pumzi, na nyuma yake mke wa Fundi, ambaye hakupita mlangoni. Alisimama pale na mkoba wake mkononi, kama mtu anayesubiri basi.

"Mmeanza bila sisi!" alisema shemeji. "Shemeji, rudi mwanzo. Sisi hatujasikia kitu."

"Yote?"

"Yote. Na usimung'unye maneno, dada yangu amesimama mbali."

Basi Fundi alirudi mwanzo. Kusema mara ya pili, mbele ya macho yale, kulikuwa kugumu mara kumi. Alieleza filamu ilivyokwama. Alieleza alivyokata pima mbili, alivyoficha kipande, alivyoandika "hakuna". Alikipitisha kile kipande mkono kwa mkono, kila mmoja akakiinua dirishani. Alisema mke wake alimwambia ukweli juu ya ute mwaka wa kwanza wa ndoa, na yeye akamjibu kwa paka.

"Mkono wake haukuwa mzito hata siku moja," alimaliza. "Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa mazito. Mke wangu, mbele ya hawa waliocheka nami, nakuomba radhi."

Brashi, ambaye mwaka jana alicheka mpaka machozi, safari hii alikuwa na machozi tu.

"Na mimi, Mama Mikate," alisema Kinyozi taratibu, "nilicheka. Unisamehe."

Mke wa Fundi aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, bado mlangoni, kwa sauti ya mpishi mkuu anayetaka kujua nani aliacha jiko likiwaka:

"Na wewe ulikuwa unafanya nini wakati mashine inatafuna filamu?"

Fundi alikohoa. "Nilikuwa... nilikuwa nimegeuka kidogo."

"Ulikuwa umegeukia wapi?"

"Kile kidirisha cha hewa. Cha nyuma."

"Kidirisha cha nyuma kinatazama nini?" aliuliza shemeji, ambaye alijua kabisa.

"Kinatazama kibanda cha tiketi!" Kinyozi alipiga meza. "Ala!"

"Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini," alisema Fundi, akiitazama sakafu. "Alikuwa anachana tiketi akiwa ametoa ncha ya ulimi nje. Sikujua kama mashine imekwama mpaka nikasikia miluzi."

Shemeji alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Brashi alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Mke wa Fundi alijitahidi kushika uso wake, ukashika kidogo, ukamponyoka.

"Kwa hiyo," alisema, "baada ya maneno yote hayo, kosa limerudi kwangu."

Walicheka wote, na safari hii yeye ndiye aliyecheka kwanza na kumaliza mwisho. Aliingia ndani. Aliweka mkoba juu ya kabati, siyo kwenye kiti, akaikaribia meza.

"Haya, fungua tuione hiyo ya povu."

Fundi alifunua kitambaa kwa fahari kidogo, kisha fahari ikamwisha. Keki ilikuwa imelala vile vile. Labda ilipanda unene wa kidole kimoja, kisha katikati ikabonyea kama kofia iliyokaliwa.

"Niliupiga ute," alisema kwa unyonge. "Saa nzima niliupiga. Haukukubali kuwa povu. Nikaumimina hivyo hivyo."

Mke alimega kipande, akakifinya, akakinusa, akakitia mdomoni. Macho yake yalikwenda mbali, kama ya mtu anayesoma.

"Uliupigia kwenye bakuli gani?"

"Lile la plastiki. La bluu."

"Ninalokorogea siagi?"

"Lilikuwa safi! Nililiosha."

"Plastiki haiachi mafuta kwa kuosha mara moja. Na ute ukiguswa na mafuta hata tone, unaweza kuupiga mpaka mwakani. Na kiini je, hakikudondokea kwenye ute?"

"Kidogo tu. Sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," alikubali Fundi. "Sasa nauliza. Unifundishe?"

Mke wake alikuwa anakunja mikono ya gauni lake, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka juu ya viwiko, na shemeji aliyemjua tangu utotoni alianza kutabasamu.

"Mayai yamebaki?"

"Sita."

"Limau?"

"Mawili."

"Brashi, hizo biskuti zako wape wenzako, mtasubiri. Na wewe mwenye projekta, inuka. Nani aliyepaka unga kwenye kitasa cha kabati hili? Twende jikoni kwangu nikaone ulichokifanya humo."

Jikoni kwangu! Fundi alisimama haraka mpaka akagonga goti kwenye meza, na hakuhisi maumivu.

Alifanya kama alivyoagizwa. Alisugua bakuli la kioo kwa kipande cha limau. Alitenganisha mayai, kila ute kwanza kwenye kikombe, ili likiharibika moja yasiharibike yote. Alipiga kwa uma, na kila alipopunguza kasi alisikia, "Usitazame pembeni, tazama bakuli," na wale waliojazana mlangoni wakacheka. Na mbele ya macho yake ule ute ukageuka, ukawa mweupe, ukapanda, ukasimama. Mke alichukua bakuli, akaligeuza juu chini kabisa, juu ya kichwa cha mume wake. Fundi akafumba macho. Hakikuanguka kitu.

"Hapo ndipo," alisema mke. Kisha akashika mwiko na kulichanganya povu lile taratibu, kutoka chini kwenda juu, kwa mkono mwepesi kiasi kwamba Kinyozi, aliyezoea kushika vichwa vya watoto waliolala, alinong'ona, "Mungu wangu, tazama."

Dakika arobaini wote walitembea kwa ncha za vidole, kwa kuogopa kuishtua oveni. Keki ilipotoka ilikuwa imepita ukingo wa chombo, rangi ya asali, na ilipoguswa ilibonyea na kurudi.

Waliipeleka sebuleni chini ya bango. Mke wa Fundi alikaa kwenye kiti chake. Fundi aliinua mikono kuanza sala, kama ilivyokuwa desturi yake, lakini akaishusha.

"Sali wewe," alimwambia.

Aliinamisha kichwa. "Bwana, tunakushukuru kwa mikono," alisema. "Yote iliyopo hapa. Mpumzishe Bi Nyusi, popote ulipomweka. Amina."

Kisha akashika kisu. Kilizama bila sauti. Alimkatia Brashi, akamkatia Kinyozi, akamkatia mdogo wake kipande kikubwa kuliko vyote, akajikatia na yeye. Fundi alinyoosha sahani.

"Wewe subiri," alisema mke wake, akaonja chake kwanza, polepole, akafumba macho. "Umetusubirisha miaka thelathini na minane."

Naye Fundi Mwanga akasubiri, ameshika sahani yake tupu kwa mikono miwili, akimtazama anavyokula.